Mama Polly na Tom Wake

Kitabu cha Mark Twain kiitwacho Tom Sawyer, kilichopigwa chapa mwaka 1876, husomwa na wengi kama kichekesho cha watoto. Naona anayestahili kutazamwa humo ni mlezi. Polly ni ndugu wa mamaye Tom aliyekufa. Kwetu angeitwa mama, basi. Mwandishi, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Samuel Clemens, alimfanyiza kwa mfano wa mamaye mzazi, Jane, aliyefiwa na mumewe mwaka 1847, Samuel akiwa wa miaka 11.

Taabu ya mama huyu ni hii: asipomchapa Tom, aogopa kwamba amemkosea Mungu, amchapapo, moyo wamwuma. Siku moja Sid, nduguye Tom mwenye adabu ya machoni, avunja chombo cha sukari, na kofi lampata Tom. Mama ajua upesi kwamba si yeye, lakini hakiri, maana adhani kukiri kutapunguza heshima ya mkubwa; asema tu kwamba hapana shaka Tom alikuwa na kosa jingine. Neno hilo twalijua sana, sisi tushikao fimbo.

Kisa cha dawa chapita hicho. Tom anyweshwa dawa iunguzayo kama moto. Naye, kwa siri, amnywesha paka. Paka aruka, apindua vyungu vya maua, atokea dirishani. Alipoulizwa sababu, Tom ajibu kwamba alimhurumia paka kwa kuwa hana mama wa kumtia dawa. Sisi twacheka, mama yule hacheki, maana ghafula aona kwamba lililo ukatili kwa paka laweza kuwa ukatili kwa mtoto. Sijui kurasa nyingine zimfundishazo mlezi kwa upole namna hii.

Lakini sikubali yote. Tom ajificha usiku chini ya kitanda, amsikia mama akimlilia kama aliyekufa maji, kisha arudi kisiwani kimya, akamwacha alie hata siku ya matanga. Mwandishi aupenda mno utani wa wafu kuhudhuria maziko yao, akausamehe ukatili huo upesi. Na ile hazina ya dola zaidi ya 12,000 mwishoni ni tuzo kubwa kwa utoro.

Tena yupo Jim, mtoto mweusi, katika Missouri ya siku za utumwa, uliokomeshwa huko mwaka 1865. Tom, aliyepewa ukuta wa mbao aupake chokaa, ambembeleza Jim asimame kidogo atazame kidole chake kilichofungwa kitambaa. Mama Polly atokea na kiatu mkononi. Jim akimbia na ndoo yake, matako yakimwasha. Kitabu chatueleza mara nyingi jinsi moyo wa Polly unavyouma kwa ajili ya Tom. Juu ya Jim hakuna neno, wala hatuambiwi ni nani amleaye.