Mali ya Muflisi Iliyotawanyika: Tunahakiki Hukumu ya Iowa na Montana

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, mlango wa taflisi husomwa haraka katika vyuo vyetu, kana kwamba unamhusu mwenye duka wa soko moja tu. Leo tunaupima kwa kesi ya Marekani: shirika la bima limefilisika na mali yake imetapakaa katika majimbo mbalimbali.

Nchini humo sheria ya ufilisi ya serikali kuu haiyagusi mashirika ya bima. Kila shirika hufilisiwa na jimbo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, shirika la Federal Surety la Iowa lilivunjwa, na kwa sheria ya huko mali yake ikawa mikononi mwa kamishna wa bima wa jimbo, awagawie wadai. Lakini sehemu ya mali ilikuwa Montana. Wadai waliopata hukumu katika mahakama za huko wakataka kuikamata, wajilipe wenyewe.

Shauri hilo, Clark v. Williard, lilifika Mahakama Kuu ya Marekani mara mbili, na mara zote hukumu iliandikwa na Jaji Benjamin Cardozo. Mwaka 1934 ilisemwa kuwa kamishna wa Iowa ndiye mrithi wa shirika kisheria, na Montana haina budi kumtambua hivyo. Mwaka 1935 ikasemwa kuwa, pamoja na hayo, mali iliyomo Montana iko chini ya sheria ya Montana, na jimbo hilo laweza kumruhusu mdai kuikamata bila kungoja mgawanyo wa Iowa.

Sisi tunaona hukumu ya pili imebomoa kilichojengwa na ya kwanza. Kuna faida gani ya kumtambua msimamizi, kisha mali ikachukuliwa mbele ya macho yake na aliyewahi?

Kwa wanavyuoni wanaokubali hajri, mdaiwa ana hiari ya kumlipa amtakaye kabla ya kadhi kuitangaza. Ikishatangazwa, haki za wadai wote zimeshikamana na mali, na kila mmoja hupata kwa kadiri ya deni lake. Amepokea Muslim kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kisa cha mtu aliyepatwa na hasara katika matunda aliyoyanunua, madeni yakamzidi. Mtume (S.A.W.) aliamrisha apewe sadaka. Ilipokuwa haikutosha, aliwaambia wadai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Aliwaambia wote pamoja, wala hakumtanguliza mwenye mbio.

Wapo wanaotangulizwa, nao ni mwenye rehani, na yule aliyeikuta mali yake yenyewe kwa muflisi, kama ilivyothibiti kwa Abu Huraira (R.A.). Hawa haki yao imefungamana na kitu maalumu. Kukaa karibu na mali hakumo katika sababu hizo.

Huenda mtu akasema: Montana haiko chini ya Iowa, vipi tangazo la huku lifunge mikono ya kule? Tunajibu kuwa mafakihi walilijua tatizo hili, ndiyo maana wakaweka mlango wa barua ya kadhi kwa kadhi. Imamu Nawawi (Allah amrehemu) katika Minhaj amekwenda mbali zaidi: hata kadhi wa waasi waliojitenga na Imamu, barua yake ya hukumu hutekelezwa, maadamu hahalalishi damu zetu. Ikiwa mpasuko wa utawala haukuzivunja haki za watu, mpaka wa majimbo mawili ya nchi moja utazivunjaje?

Haki ya kusema, Wamarekani wenyewe waliiona kasoro hii. Sheria ya mfano ya mwaka 1939 ilielekeza kuwa mdai athibitishe deni lake jimboni kwake akipenda, asikamate mali, na salio lipelekwe kwa msimamizi mkuu. Amana maalumu iliyowekwa kwa ajili ya watu wa jimbo huwalipa wao kwanza, nasi twaiona kama rehani. Hili limekaribia usawa. Ila sheria hiyo hufanya kazi baina ya majimbo yaliyoikubali tu, hivyo haki ya mjane wa jimbo moja ikategemea bunge la jimbo jingine.

Baadhi ya ndugu husema: Majmaa ya Fiqhi, Jeddah, iliharamisha bima ya kibiashara mwaka 1985, basi kufilisika kwake kunatuhusu nini? Hatukubaliani nao. Mkataba kuwa fasidi hakuhalalishi mali ya aliyelipa, bali ndiko kunakomstahikisha arejeshewe alichotoa. Kisha mashirika ya takaful nayo yanavuka mipaka, nayo yanaweza kufilisika. Wanavyuoni wanaokaa katika bodi zao waliandike sharti hili kabla ya msiba: msimamizi mmoja, fungu moja, na wadai wote sawa popote walipo.

Wallahu a'lam.