Nyigu, Funza na Kalamu

Kutoka Ngara, ukifuata Kipande Road na kupanda Museum Hill, si mbali utafika Chiromo, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha hisabati. Ukigeukia upande wa pili, matatu za Thika Road zitakufikisha Kasarani, kwenye makao ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970. Kituo hicho nacho kilianzia Chiromo. Wanaohesabu na wanaofuga wadudu wametenganishwa na foleni ya magari tu. Ninayetaka kumsifu ni fundi aliye katikati yao: anamchukua alaye na aliwaye, anawageuza kuwa herufi, kisha anauliza, idadi zao zikisukumwa kidogo, zitarudi?

Swali hilo lina umri wa karne. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanabiolojia Umberto D'Ancona alipekua takwimu za masoko ya samaki ya Adriatiki. Mjini Fiume, papa na wenzake walao samaki walikuwa asilimia 11.9 ya samaki waliouzwa mwaka 1914. Mwaka 1918 wakafika 36.4. Vita vilikuwa vimewazuia wavuvi. Lakini kwa nini bahari ikipumzika anenepe mlaji kuliko mliwaji? Mwanahisabati Vito Volterra alijibu kwa milinganyo miwili mwaka 1926. Alfred Lotka, huko Marekani, alikuwa ameifikia mwaka mmoja kabla kwa njia yake mwenyewe.

Milinganyo hiyo inapendeza, na ina kasoro. Idadi hupanda na kushuka daima, ila hakuna kinachoirudisha. Ukiua walaji wachache leo, mzunguko unahamia njia nyingine na kubaki huko, kama gololi iliyosogezwa juu ya meza bapa. Porini mambo hayaendi hivyo. Ndipo ufundi unapoanza: kutafuta ni nini kilichoachwa nje.

Mfano ninaoupenda uko kwenye mahindi. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa ameingia Afrika funza atoboaye mabua, mzaliwa wa Asia, ambaye wataalamu humwita Chilo partellus. Adui zake alikuwa amewaacha kwao. Mwaka 1993 ICIPE ikamfungulia Pwani ya Kenya nyigu kutoka Pakistan, Cotesia flavipes, mwenye urefu wa milimita chache tu. Nyigu huyo huingia ndani ya tundu la bua na kumtaga funza mayai, na watoto wake humla funza akiwa hai. Wengi hufa humo humo, wakiumwa na funza wanayemtafuta.

Je, wawili hao wanaweza kuishi pamoja? Nicholson na Bailey, huko Australia, walikuwa wameandika hesabu ya uhusiano wa namna hii mwaka 1935. Nimeifanya upya kwa kalamu: kila funza aliyenusurika akiacha wawili kizazi kijacho, msukosuko mdogo hukua kwa takriban asilimia 18 kila kizazi, mpaka mmoja wao aangamie. Kinachonishangaza ni kwamba uhodari wa nyigu katika kutafuta hauingii kabisa kwenye jibu hilo. Awe mwepesi au mzembe, hesabu inatoa hukumu ile ile. Na bado nyigu alikaa Pwani, akaenea, na funza wakapungua bila kwisha.

Mtu mvivu angesema hisabati imeshindwa. Fundi husema hisabati imemwonyesha pa kuchimba. Nicholson na Bailey walidhani nyigu hutafuta kiholela, kila funza akiwa na bahati sawa ya kupatikana. Mwaka 1978 mwanaikolojia Robert May aliiondoa dhana hiyo: wengine waangukiwe na nyigu wengi, wengine wasiguswe. Mashambulizi yakirundikana vya kutosha, msukosuko hufifia wenyewe. Usawa ndio uliokuwa ukivuruga mambo, jambo ambalo mwanasiasa hapaswi kulisikia.

Jibu hilo hilo likajitokeza mbugani. Mwaka 2007 John Fryxell, Anna Mosser, Anthony Sinclair na Craig Packer walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya simba na nyumbu wa Serengeti. Ukidhani kila simba huzurura peke yake na kila nyumbu vivyo hivyo, mambo huyumba vibaya. Wakusanye nyumbu katika makundi na simba katika familia zao, simba watakutana na windo mara chache zaidi, watakula kidogo kuliko ulivyotarajia, na idadi zitatulia. Kati ya nyigu ndani ya bua na simba wa Serengeti kuna pengo kubwa, na mistari michache ya aljebra imelivuka.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa hisabati, wa shule za Jamhuri na Ngara Girls kwanza, kwa kuwa ndio majirani. Mpeni mwanafunzi daftari na kikokotoo. Kwa hesabu ya Nicholson na Bailey, aanze na funza 28 na nyigu 14, kila nyigu akiwa na nafasi moja kati ya ishirini ya kumpata funza yeyote yule. Aongeze nyigu wawili, aendelee kizazi baada ya kizazi, na msimwambie mapema kitakachotokea.