Mafundi wa Upepo wa Mowlem

Miongoni mwa kazi za jua kali zinazostahili pongezi katika mtaa wa Mowlem, upande wa Eastlands jijini Nairobi, imo ile ya fundi wa pancha, ambaye kwa kompresa na geji, yaani kipimo cha shinikizo la hewa kinachosomwa kwa pauni kwa inchi ya mraba, huamua jinsi tuktuk itakavyotii usukani. Chombo hicho kina gurudumu moja mbele, linaloelekeza, na mawili nyuma, yanayobeba injini na abiria, hivyo tairi za nyuma huhitaji upepo mwingi kuliko ya mbele. Tairi ya mbele ikijazwa kupita kiasi hurukaruka mashimoni na kupoteza mshiko, na ikipungukiwa hufanya usukani uwe mzito. Lakini tatizo la kutatanisha zaidi limo nyuma, kwa kuwa tairi mbili zisipolingana chombo huvutwa kuelekea iliyo laini, na dereva hudhani, kimakosa, kwamba fremu imepinda. Fundi hodari hupima tairi zikiwa baridi, kabla joto la safari halijapandisha kipimo, na ada anayotoza kwa usahihi huo ni ndogo mno.