Usimwite kwa Weupe Wake

Asubuhi katika fuo za Muhuru Bay, wavuvi wa usiku wanapokuwa wameshusha omena na kuianika juani, ndege weupe wenye miguu mirefu hujikusanya ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mgeni aliyekuja kupumzika huwaita wote yangeyange, akapiga picha, akaendelea na safari yake. Mjuzi wa ndege hubaki pale pale. Katika kundi lile lile yeye anaweza kutenganisha aina nne au tano, na jinsi anavyofanya hivyo ni ufundi wa kuvutia.

Kwanza huiweka rangi kando, kwa kuwa weupe ni wa wote. Hauamini upesi hata ukubwa, maana ndege aliye peke yake majini hana wa kupimwa naye. Hungoja aruke. Yangeyange huruka shingo ameikunja. Domomwiko na korongo huinyoosha mbele. Korongo domo-njano akifungua mabawa, manyoya meusi ya ukingoni yanamtaja. Domomwiko naye ana uso mwekundu na miguu myekundu, na hata akiwa mbali mno kuonekana mdomo wake bapa, ulaji wake unamtambulisha: huupitisha mdomo majini kushoto na kulia, kama mkulima anayefyeka nyasi. Yangeyange hafanyi hivyo. Mara nyingi husimama kimya, akachoma mara moja.

Kazi ngumu ni kuwatenganisha yangeyange wenyewe. Anayefuata ng'ombe malishoni ni mfupi wa shingo na mdomo, hasumbui sana. Wanaosumbua ni yangeyange mkubwa, anayekaribia mita moja kwa urefu, na mwenzake wa kimo cha kati. Wote wawili huwa na mdomo wa njano kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hapo mjuzi huelekeza darubini kwenye pembe ya mdomo. Kwa yule mkubwa, mstari wa mdomo unapita chini ya jicho na kuishia nyuma yake. Kwa wa kati, unakomea chini ya jicho. Ni tofauti ya milimita chache, nayo huonekana tu ndege akigeuza kichwa upande.

Kwa nini ahangaike na mstari mdogo namna hiyo? Kwa sababu rangi ya mdomo hubadilika. Msimu wa kuzaa ukifika, mdomo wa yangeyange mkubwa hugeuka mweusi, na asiyejua humdhania kuwa yangeyange mdogo, ambaye mdomo wake ni mweusi siku zote. Mstari wa mdomo haubadiliki na msimu. Vidole navyo husaidia: vya yangeyange mdogo ni vya njano chini ya miguu myeusi, vya mkubwa ni vyeusi. Shida ni kwamba vimezama majini, kwa hiyo mtazamaji hana budi kusubiri mguu uinuliwe.

Katika msimu huo huo wa kuzaa, yangeyange huota manyoya marefu laini mgongoni. Mwishoni mwa karne ya 19 waliuawa kwa wingi ili manyoya hayo yapambe kofia za wanawake wa Ulaya na Marekani. Hasira dhidi ya biashara hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka 1889 huko Uingereza, chama cha kulinda ndege kinachojulikana leo kama RSPB. Ufundi wa darubini unamjua ndege na kumwacha hai.

Hapa Kenya ufundi huu umepata walimu. Fleur Ng'weno alianza mwaka 1971 kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi jijini Nairobi, na wengi wamejifunza humo. Wanaojifunza vizuri hujua pia kujizuia: ndege akiondoka kabla pembe ya mdomo haijaonekana, daftarini huandikwa "yangeyange" tu, bila kubahatisha aina.

Basi ukifika Muhuru, usiwasogelee ndege kiasi cha kuwafanya waruke. Kaa chini, tazama mdomo, kisha miguu, kisha ulaji. Ukiwa na hakika, andika aina, mahali na tarehe, uupelekee mradi wa Kenya Bird Map, unaokusanya kumbukumbu za watazamaji wa kawaida kutoka kila pembe ya nchi. Ukiwa na shaka, subiri ageuze kichwa.