Darizi ya Wakopti: Mkasi Umeshikwa na Nani?

Wapenzi wa fasihi, leo naomba nafasi niseme juu ya nguo. Vitabu kadhaa vya sanaa hutaja "darizi ya Wakopti", yaani mapambo ya nguo zilizofumwa Misri kati ya karne ya 4 na ya 12 hivi. Jina hilo nalipinga. Kudarizi ni kuchukua kitambaa kilichokwisha fumwa ukakipamba kwa sindano. Nguo hizi, ukiacha chache zilizotiwa nakshi ya sindano kwelikweli, zilipambwa zikiwa bado mtandeni.

Hebu tuiangalie kazi yenyewe. Kanzu ilifumwa kipande kimoja chenye umbo la msalaba, kuanzia mkono huu hadi ule, kisha ikakunjwa mabegani na kushonwa ubavuni. Mtande ulikuwa wa kitani. Fundi akifika mahali pa pambo aliuacha mshindio wa kitani, akaingiza sufu ya rangi, akaishindilia mpaka mtande usionekane. Zambarau nyingi ilitokana na nili na mizizi yenye rangi nyekundu, si ile ya ghali ya konokono wa baharini. Halafu, hapohapo akifuma, alipitisha uzi mwembamba wa kitani juu ya zambarau ile, mara huku mara kule kama kalamu: jicho, kidole, mkunjo wa shuka ya mcheza ngoma. Si mchezo! Mstari huo ndio unaowafanya watu waone sindano.

Mtu ataniuliza, jina tu lina ubaya gani? Ubaya upo. Ukisema darizi, umeshasema pambo ni nyongeza, laweza kubanduliwa. Na lilibanduliwa kweli. Makaburi ya Akhmim yalipofukuliwa miaka ya 1880, na yale ya Antinoë ambako Albert Gayet alianza kuchimba mwaka 1896, kanzu zilizotunzwa na mchanga mkavu ziliingia sokoni. Wauzaji wakakata maduara na mistari ya rangi. Kitani cheupe wakakitupa. Leo makumbusho za London na Paris zina vipande vingi ambavyo havisemi vilikaa begani au gotini, wala vilitoka kaburi lipi.

Sasa, ndugu mwandishi chipukizi, mkasi huo hata sisi tunao. Shairi likisomwa barazani tunakata mstari mmoja mtamu, tunapiga makofi, lililobaki hatulisikii. Na tunaandika vivyo hivyo: kwanza hadithi kavu, kisha tunaipachika methali na tamathali juu, eti ipendeze. Methali ambayo haikuanza na mtande itang'oka tu.

Msanifu majengo Ramses Wissa Wassef, Mkopti wa karne ya 20, aliwafundisha watoto wa kijiji cha Harrania, karibu na Giza, kufuma bila kuchora kwanza karatasini. Akakataza pia wakubwa wasiwakosoe. Hapo mimi mhakiki nachomwa kidogo! Lakini namkubalia nusu. Kazi ikiwa bado mtandeni, mhakiki akae mbali. Ikishashuka, aje aitandaze yote, pambo na kitani, aseme penye uzi mbovu. Asiyetaka kukitazama kitani cheupe asijiite mhakiki. Huyo ni muuza vipande.