Karama na Rosa: Je, Maadili ya Binadamu Husonga Mbele?

Kila mwaka tunapofika kwenye riwaya ya Rosa Mistika, darasa hugawanyika pande mbili. Upande mmoja husema Rosa alijiharibu mwenyewe. Wa pili husema aliharibiwa na baba yake. Mjadala huo huwa mkali, lakini nyuma yake kuna swali kubwa zaidi ambalo makala haya yanalenga kulichunguza: je, maadili ya jamii hubadilika tu kama mavazi, au yanaweza kuwa bora kuliko yalivyokuwa?

Tuanze na Shaaban Robert. Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Anapopewa nafasi ya kujitetea, hajisemei yeye. Anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali, wakarudi na mambo ya manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Mwishoni mfalme anasadiki na wafungwa wanaachiwa huru. Ni dhahiri kwamba kwa Shaaban Robert maendeleo ya kimaadili yanawezekana, na njia yake ni hoja. Mwenye mamlaka akisikiliza, dhuluma hupungua.

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, hakuwa na matumaini hayo. Katika Rosa Mistika (1971), Zakaria ni mlevi anayempiga mkewe Regina, na anamchapa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Mwenyewe anaamini kwamba analinda maadili. Kwa hakika angeulizwa, angejibu kwa methali tunayoifahamu sote: mchelea mwana kulia hulia yeye. Hata hivyo, Rosa aliyelelewa kwa woga anapotoka nje ya macho ya baba hana kinachomwongoza, kwani alichofundishwa ni kuogopa fimbo tu. Kupima jambo mwenyewe hakufundishwa. Anaishia kujiua. Mabishano yake na baba kuhusu nani mwenye hatia yanahamia mbele ya Mungu.

Hapa ndipo tofauti ya waandishi hawa inapojitokeza. Karama anasikilizwa akiwa hai, na neno lake linafungua gereza. Rosa anasikilizwa akiwa amekwisha kufa. Baadhi ya wasomaji huona kwamba Kezilahabi amekata tamaa na binadamu. Mimi naona vingine. Wajumbe wote sita wa Kusadikika ni wanaume, na baraza wanalozungumziwa ni la wanaume. Miaka ishirini baadaye Kezilahabi alimpa nafasi ya mlalamikaji msichana wa kijijini, akamweka baba kwenye kizimba. Mwandishi asiyeamini maendeleo yoyote asingejisumbua kuitisha baraza hilo. Duara la wanaostahili kusikilizwa lilikuwa limepanuka, walau katika fasihi.

Historia ya riwaya yenyewe ni ushahidi mwingine. Ilipotoka ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, kisha baadaye ikawa kitabu cha kusomwa katika shule za sekondari. Mtu anaweza kusema kwamba jamii ililegea tu. Jibu langu ni kwamba tuangalie kilichokubaliwa. Kilichokubaliwa si uasherati. Ni haki ya kusema waziwazi kwamba wasichana huumizwa na watu wazima waliokabidhiwa kuwalea na kuwafundisha.

Hata hivyo, tusidhani kwamba njia hii imenyooka. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka kwamba msichana aliyepata mimba asirudi shuleni, na ikafika Novemba 2021 ndipo serikali ya Tanzania ilipotangaza kuwaruhusu wasichana hao warudi. Hapa Uganda, sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Sheria imesonga, mkono wa mwalimu unaweza kubaki nyuma. Anayeamini kwamba maadili hukua yenyewe kama mti wa porini amekosea. Hukua kama shamba: palizi ikiachwa, magugu hurudi.

Udhaifu wa Kusadikika, kwa hiyo, ni kuamini upesi mno kwamba mtawala akisikia hoja njema atageuka. Udhaifu wa Rosa Mistika ni kwamba mateso ya Rosa yamerundikwa kiasi kwamba msomaji hapati hata mtu mmoja mzima ambaye angeweza kumwokoa. Tukizisoma pamoja, kila moja inaijaza nyingine. Shaaban Robert anatuonyesha kwamba kusikiliza kunaleta mabadiliko, na Kezilahabi anatuonyesha gharama ya kuchelewa kusikiliza.

Kwa kuhitimisha, maendeleo ya kimaadili yanawezekana, lakini kipimo chake si wingi wa sheria wala ukali wa adhabu. Kipimo ni kujua nani anayesikilizwa leo ambaye jana alinyamazishwa, na kama anasikilizwa mapema. Wanafunzi wetu wengi watakuwa walimu. Siku mmoja wao atakapokuta barua katika daftari la msichana, atakuwa na uchaguzi uleule aliokuwa nao Zakaria. Na asome riwaya hii kabla ya siku hiyo.