Nani Anatajwa kwa Jina? Lugha ya Vyeo katika Maisha ya Tippu Tip

1. Utangulizi

Katika ufundishaji wa historia ya Kiswahili, misafara ya biashara hutajwa miongoni mwa mambo yaliyoieneza lugha hii kutoka pwani hadi bara. Mwanafunzi huelezwa kwamba njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji iliwakutanisha watu wa jamii nyingi, nao wakahitaji lugha moja ya mawasiliano. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yana pengo. Hayasemi nani alibeba mzigo, nani alimsimamia, wala kila mmoja wao aliitwaje. Makala haya yanalichunguza pengo hilo kwa kuyasoma upya Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Hoja yetu ni kwamba katika matini haya cheo hujengwa kwa lugha: kwa anayetajwa jina, kwa anayehesabiwa tu, na kwa anayepewa nafasi ya kusema. Hoja hiyo inawahusu wasomaji wa leo pia, kwa kuwa baadhi ya msamiati wa njia ile bado tunautumia.

2. Matini na mahali pake

Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode alizigeuza katika hati za Kilatini na kuzichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903, muda mfupi kabla ya mwandishi kufariki Unguja mwaka 1905. Tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whitley ilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanahistoria wameitumia sana kazi hii kama chanzo cha habari za Manyema na Kongo; kama kazi ya nathari, haijahakikiwa kwa kiwango hicho.

Tabora ina nafasi ya pekee katika masimulizi haya. Ndiko baba yake mwandishi, Muhammed bin Juma, alikokuwa na makazi na heshima. Heshima hiyo haikutokana na mali pekee. Alikuwa amemwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa hiyo ilimtia mfanyabiashara katika nasaba ya watawala. Uzito wa nafasi kama hiyo ulionekana baada ya Fundikira kufariki. Mrithi wake, Mnywa Sele, alipotaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu, uhasama uliozuka uliishia kwa yeye kuondolewa na Mkasiwa kuwekwa mahali pake. Hivyo cheo cha utemi, ambacho kwa wenyeji kilikuwa na misingi ya nasaba na matambiko, kiliingiliwa na nguvu ya bunduki na bidhaa.

3. Wenye majina na wenye idadi

Msomaji wa Maisha hukutana na majina mengi: Waarabu wenye nasaba ndefu, masultani wa Unguja, watemi, na Wazungu waliopita njiani. Wapagazi, ambao bila wao hakuna pembe hata moja ambayo ingefika pwani, aghalabu hutajwa kwa kabila na kwa hesabu. Mzigo wa kila mmoja ulikuwa takribani kilo 30, na safari ilichukua miezi. Hata hivyo katika sarufi ya masimulizi haya wao si watenda. Hupatikana, hukosekana, hutoroka, hukamatwa. Kitenzi pekee ambacho ni chao hasa ni kutoroka, nacho husimuliwa kama hasara ya mwenye mali.

Mfano ulio wazi ni tukio la wapagazi wa Kizaramo waliotoroka. Msimulizi anaeleza jinsi alivyorudi vijijini kwao, akawakamata watu wapatao 800, na kuwafunga. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo ambao hawakuwa wametoroka. Kosa lao lilikuwa undugu na waliotoroka. Haya yote husimuliwa kwa sauti tulivu, bila utetezi, kana kwamba ni sehemu ya matayarisho ya safari. Utulivu huo ndio unaostahili kuhakikiwa. Mtu huhisi haja ya kujitetea mbele ya yule anayemhesabu kuwa sawa naye. Msimulizi huyu hajitetei, kwa kuwa hadhira anayoiwazia haiko vijijini Uzaramo.

Hata hivyo sauti ya waliokamatwa imepenya ndani ya matini. Msimulizi mwenyewe anataja kwamba kwa tendo lile alipewa jina la Kingugwa, naye analifasiri kwa chui, mnyama anayeshambulia huku na huku bila kuchagua. Inafaa kukumbuka kwamba baadhi ya kamusi za Kiswahili hulieleza neno kingugwa kuwa ni aina ya fisi. Katika ngano zetu chui huogopwa, fisi hudharauliwa. Vyovyote tutakavyoamua kuhusu mnyama aliyekusudiwa, jina hilo ni hukumu iliyotolewa na wasio na mamlaka, na fasiri yake imebaki mikononi mwa mwenye mamlaka. Aliyenyimwa jina katika kitabu amempa jina mwenye kitabu.

4. Nasaba kama masimulizi

Tukio la pili linaonyesha kwamba mwandishi alifahamu vyema kuwa cheo hutengenezwa kwa maneno. Akiwa Utetela, alisikia kwamba dada za mtawala Kasongo Rushie walitekwa zamani na kupelekwa Urua. Akadai kuwa babu yake, Habib bin Bushir, alimnunua mmoja wao akamfanya suria, naye ndiye bibi yake mzaa mama. Mtawala aliamini, akampokea kama mjukuu, na hatimaye akamkabidhi madaraka pamoja na pembe.

Mtu aliyetegemea nasaba ya Kiarabu ili atofautishwe na watumwa alijitwalia kwa hiari ukoo wa mwanamke aliyenunuliwa, mara ukoo huo ulipokuwa na faida. Kwa namna hiyo matini yanadhoofisha msingi wake yenyewe. Ikiwa nasaba inaweza kubuniwa kwa jioni moja na kukubaliwa, basi tofauti ya muungwana na mtumwa ni ya maumbile kwa kiasi gani?

5. Maneno yaliyobaki

Swali hilo linajibiwa kwa sehemu na historia ya neno muungwana lenyewe. Pwani lilimaanisha mtu asiye mtumwa. Kadiri misafara ilivyokwenda bara, lilianza kutumiwa kwa yeyote aliyevaa kanzu na kusema Kiswahili, hata kama kisheria alikuwa mtumwa wa mtu, ili kumtofautisha na aliyeitwa mshenzi. Kutokana na waungwana hao Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana. Aliyedharauliwa pwani alipata bara mtu wa kumdharau yeye. Ngazi ilibaki palepale. Waliosimama juu yake ndio waliobadilika.

Neno mnyapara lina safari ya kusikitisha zaidi. Unyamwezini wanyampara walikuwa wazee na washauri wa mtemi. Katika misafara likawa jina la msimamizi wa wapagazi, kisha msimamizi wa vibarua, na leo magerezani nyapara ni mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wafungwa wenzake. Mshauri amegeuka mshurutishaji. Kando yake alikuwapo kirangozi, aliyetangulia mbele na bendera na kuaminiwa kwa kuijua njia, mara nyingi akiwa na mzigo wake begani. Stephen Rockel (2006) ameonyesha kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi huru, waliojivunia kazi yao, wakadai posho na hata kugoma. Ulimwengu huo wa kirangozi hauonekani katika Maisha, kwa sababu msimulizi anautazama msafara kwa jicho la mwenye mali.

6. Hitimisho

Kuyahakiki Maisha ya Tippu Tip kwa namna hii si kuyaondoa katika orodha ya nathari bora za Kiswahili. Ni kuyasoma pamoja na wale waliomo bila majina. Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922 na utawala wa machifu ukafutwa mwaka 1963, lakini sheria haifuti msamiati. Mshenzi bado ni tusi, na uungwana bado ni sifa. Mwalimu anapofundisha kwamba misafara ilieneza Kiswahili, inambidi aongeze kwamba lugha hiyo ilisafiri juu ya mabega ya watu, na kwamba pamoja na lugha zilisafiri daraja za utu. Wanafunzi wa Tabora, ambao wengi wao ni vitukuu vya wapagazi hao, wanastahili kufundishwa sehemu zote mbili za historia hiyo.